Kusomea utangazaji Garissa: Wakati wa kaskazini mashariki kujisemea

Vita vya Shifta, vilivyowaka kaskazini mwa Kenya kuanzia 1963 hadi 1967, vilikuwa na uwanja wa pili ambao hutajwa kwa nadra: redio. Kutoka ng'ambo ya mpaka, Redio Mogadishu iliwahutubia Wasomali wa Kenya kwa lugha yao, ikiwahimiza waungane na ndugu zao wa Somalia. Nairobi ikajibu kwa vipindi vya Kisomali kupitia Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji ambalo serikali ililitwaa mwaka 1964. Mfugaji mwenye redio ya betri alijikuta akigombaniwa na sauti mbili. Moja ilimwambia kwamba yeye si Mkenya. Nyingine ilimwambia kwamba ni Mkenya, apende asipende. Hakuna iliyomuuliza yeye mwenyewe ana lipi la kusema.

Hiyo ndiyo historia anayoirithi kijana anayeingia leo katika chuo kikuu cha umma mjini Garissa kusomea utangazaji na mawasiliano ya kidijitali. Kwingineko, somo hili huenda likachukuliwa kuwa njia ya kupata kiti cha msomaji wa habari za saa moja jioni. Huku uzito wake ni mwingine kabisa. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambazo sensa ya 2019 ilihesabu kuwa na watu wapatao milioni 2.5, zimeishi miongo sita zikisimuliwa na watu walio mbali nazo. Kwa hiyo shahada hii ina kipimo kimoja tu. Je, itawapa watu hawa uwezo wa kujisemea kwa lugha zao, kwa usahihi, na kila siku, hata siku ambayo hakuna shambulizi lililotokea?

Miaka ya kimya

Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili na ushei baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo la kaskazini mashariki. Vita viliisha kwa mapatano ya Arusha mwezi Oktoba 1967, lakini sheria za hatari ziliendelea hadi mapema miaka ya 1990. Kizazi kizima kilizaliwa, kikasoma, kikaoa na kuolewa chini ya sheria ambazo wenzao wa Nyeri au Kisumu hawakuzijua. Waandishi wa habari walifika kwa shida, na wengi hawakufika kabisa.

Matunda ya kimya hicho yalionekana Wajir mwezi Februari 1984. Wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa na maafisa wa usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakazuiliwa juani bila maji, na wengi wakauawa. Serikali baadaye ilitaja vifo 57. Manusura walizungumzia mamia, wengine maelfu. Habari zilivuja kwa juhudi za watu wachache, akiwemo Annalena Tonelli, Mtaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini humo, ambaye baadaye alilazimika kuondoka nchini. Ilibidi taifa lisubiri hadi Mei 2013, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipokabidhi ripoti yake, ndipo mkasa huo uandikwe kwa kina katika waraka rasmi.

Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema wahenga. Laiti kungekuwa na stesheni moja tu ya wenyeji mjini Wajir mwaka huo, yenye mwandishi mmoja jasiri na kinasasauti kimoja, mjadala wa Wagalla usingebaki hadi leo kuwa mabishano juu ya idadi ya maiti. Majina yangekuwa yamerekodiwa.

Katika ukimya huo, watu walitafuta habari za ng'ambo. Idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1957, ilikuwa mgeni wa kila jioni katika boma na duka. Wazee walikusanyika, betri ikakaguliwa, na mazungumzo yakakatizwa hadi taarifa iishe. Hata habari za Garissa yenyewe, wakati mwingine, zilipaswa kwenda London kwanza ndipo zirudi nyumbani kupitia masafa mafupi.

Jamii ya masikio

Atakayefundisha utangazaji Garissa lazima aanze kwa kuielewa jamii anayoihudumia. Kisomali kilipata hati yake rasmi ya maandishi mwaka 1972, na hilo lilifanyika Somalia. Wasomali wa Kenya walisoma shuleni kwa Kiingereza na Kiswahili. Ndiyo maana utamkuta mzee mwenye ufasaha wa kutisha, anayekumbuka mashairi ya babu yake na masharti ya mapatano ya koo yaliyofanywa kabla hajazaliwa, lakini hajawahi kusoma ukurasa mmoja wa Kisomali. Elimu yake imeingia kwa masikio. Kabla ya simu za mkononi, mashairi na hotuba zilisafiri kwa kaseti kutoka mji hadi mji, zikinakiliwa na kusikilizwa tena na tena.

Mzee huyo atamhukumu mtangazaji kwa lugha. Akisikia sentensi iliyotafsiriwa neno kwa neno kutoka taarifa ya Nairobi, atazima redio. Akisikia methali imetumiwa mahali pake, atawaita majirani. Wala Kisomali chenyewe si kimoja. Wakimbizi wengi wa kambi za Dadaab kutoka kusini mwa Somalia huzungumza Maay, ambayo mzoefu wa Kisomali cha Maxaa hawezi kuifuata kwa urahisi. Ukingoni mwa Mto Tana wapo Wamunyoyaya na Wapokomo. Kusini, kuelekea msitu wa Boni, wapo Waaweer. Sokoni mjini, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote na wafanyabiashara waliotoka Ukambani, Meru na pwani.

Kuna pia hesabu ya mawimbi. Matangazo ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na ardhi ya Garissa ni tambarare. Haina kilele cha kusimamishia mlingoti kama vilima vya Ngong. Stesheni ya mjini husikika vizuri kwa makumi ya kilomita, kisha hufifia. Mfugaji aliyehamia mbali kufuata mvua hubaki na simu yake, iwapo mnara wa karibu unafanya kazi, au na masafa mafupi ya mashirika ya kigeni. Mwanafunzi wa utangazaji hapa hawezi kuishia kujua kuandika habari pekee. Anapaswa kujua pia habari hiyo itamfikiaje mtu anayehama.

Habari ni uhai

Mwishoni mwa 2006 homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa baada ya mvua kubwa, ikasambaa na kuua zaidi ya watu 100 nchini. Ugonjwa huo hutoka kwa mifugo na huenezwa pia na mbu. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji na usafirishaji wa mifugo katika maeneo yaliyoathirika. Hebu fikiria ugumu wa ujumbe huo katika mji ambao soko lake la mifugo ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki: usichinje, usiuze, usinywe maziwa ambayo hayajachemshwa. Amri kama hiyo haiwezi kupokelewa kwa kusomwa tu kutoka karatasi ya wizara. Inahitaji mtangazaji anayejua maziwa yana maana gani katika nyumba ya mfugaji, anayeweza kumweka daktari wa mifugo na mzee wa ukoo mbele ya maikrofoni moja, na kuacha wasikilizaji wapige simu kuuliza maswali makali.

Miaka mitano baadaye, ukame na njaa nchini Somalia viliimiminia Dadaab maelfu ya watu, hadi kambi zilizoanzishwa mwaka 1991 zikapita wakazi 450,000. Utafiti uliofanywa na shirika la Internews mwaka 2011 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wakimbizi wapya hawakuwa na taarifa za kutosha za jinsi ya kujiandikisha ili wapate msaada. Chakula kilikuwepo, mahema yalikuwepo, lakini mtu hakujua apange foleni gani. Jibu lilikuwa kipindi cha Kisomali kilichoitwa Gargaar, kilichorushwa kupitia Star FM, stesheni ya binafsi inayotangaza kwa lugha hiyo. Vijana wa kambini walifunzwa kutafuta habari, kuwahoji maafisa wa mashirika na kuwarudishia wakimbizi majibu. Taaluma hii iliokoa maisha huko, na haikufanya hivyo kwa mitambo ya kifahari.

Haja hiyo ingalipo. Kila mwezi, Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kwa kila kaunti kame, ikieleza hali ya malisho, umbali wa kufikia maji, bei ya mbuzi na lishe ya watoto. Taarifa hiyo huandikwa kwa Kiingereza, pamoja na majedwali na grafu. Mwenye ng'ombe, ambaye ndiye mwenye haja nayo kuliko wote, haimfikii. Vilevile maji ya Tana hupita kwanza katika mabwawa matano ya umeme, kuanzia Masinga hadi Kiambere, kabla ya kushuka Garissa. Mabwawa yakifurika, mafuriko huja huku chini baada ya muda, na muda huo ndio wa kuokoa pampu, mbegu na watoto. Mwaka 2023 na tena 2024 mafuriko yalifunika barabara ya kuelekea Nairobi upande wa Madogo na kuwahamisha wakazi wa kingoni. Kuugeuza waraka wa ukame au tahadhari ya bwawa kuwa dakika tano za redio zinazoeleweka ni kazi ya kitaaluma. Inafundishika, na inastahili kutahiniwa.

Chuo kilichojua uchungu wa takwimu

Chuo Kikuu cha Garissa kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, kikirithi majengo ya chuo cha walimu kilichokuwa hapo. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab waliingia na kuwaua watu 148, wanafunzi 142 wakiwa miongoni mwao. Chuo kilifungwa, manusura wakahamishiwa Eldoret. Kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwezi Oktoba 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Siku zile zimebeba masomo ambayo hakuna mhadhiri wa mawasiliano anayeweza kuyakwepa. Takwimu ya serikali siku hizo ilikuwa 147. Wakenya mitandaoni walikataa kuiacha iwe takwimu, wakaanzisha kampeni ya kumtaja kila mmoja kwa jina, picha na ndoto zake. Hiyo ilikuwa kazi njema ya mawasiliano ya kidijitali, iliyofanywa na raia wakati taasisi zilikuwa bado zinahesabu. Lakini mitandao hiyo hiyo ilisambaza picha za maiti za wanafunzi kabla wazazi hawajapata taarifa. Miili ya washambuliaji ilizungushwa mjini kwa gari la wazi, umati ukaitazama, na picha zake zikazagaa duniani.

Ni lini picha ya kifo ina haki ya kuonekana? Nani apewe habari kwanza, mama au wafuasi wa mtandaoni? Unawezaje kuripoti uchungu wa familia za Wakristo waliolengwa, bila kumgeuza kila Mwislamu wa Garissa kuwa mtuhumiwa? Maswali haya hufundishwa katika vyuo vingine kwa mifano ya nchi za mbali. Garissa yalitokea uani. Mwanafunzi anayeyajibu hapo ataondoka na maadili ambayo hawezi kuyasahau siku atakapokuwa mhariri.

Yanayopaswa kufundishwa

Msingi wa taaluma haubadiliki: kuuliza, kusikiliza, kuhakiki, kuandika kwa ajili ya sikio, kurekodi sauti safi, kuhariri, kutunga picha inayosema. Huwezi kuikwepa sheria pia. Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa vyombo vya habari, na ya 35 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, haki iliyotiwa nguvu na sheria ya 2016. Kwa upande mwingine ipo sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018 na ile ya ulinzi wa data ya 2019. Mwanafunzi anayejua kuandika barua ya kudai bajeti ya kaunti kwa mujibu wa sheria ana silaha kali kuliko mwenye kamera ya bei ghali.

Upande wa kidijitali, uwanja mkuu wa Garissa ni simu. Uvumi wa hatari katika eneo hili mara nyingi huja kama ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, kwa Kisomali, usiojulikana ulirekodiwa lini wala wapi. Sauti ya mtu mmoja mwenye hasira baada ya wizi wa ngamia inaweza kuzipiganisha koo mbili. Mbinu za kuhakiki zinazofundishwa kwa kawaida zinahusu maandishi na picha, tena kwa Kiingereza. Hapa panahitajika ujuzi wa kuhakiki sauti: lafudhi ni ya wapi, tukio linalotajwa lilitokea lini, kuna upepo au mwadhini nyuma yake, nani aliutuma wa kwanza. Garissa ikiijenga mbinu hiyo vizuri, Mogadishu, Jijiga na Eastleigh zitakuja kujifunza hapa.

Vikwazo si vidogo. Minara ya simu imelipuliwa mara kadhaa karibu na mpaka, na vijiji vikakatika kabisa na dunia. Vyombo vya habari vya Nairobi vimepunguza wafanyakazi, kwa hiyo mhitimu asitegemee kuajiriwa huko peke yake. Mwandishi wa mji mdogo anajulikana kwake, ukoo wake unajulikana, na akimkosoa mwanasiasa huulizwa yeye ni mtoto wa nani kabla ya kuulizwa kama alichosema ni kweli. Familia nyingine huona haya binti yao kusikika hewani, ilhali sauti za wanawake wa Kisomali zimekuwa zikisikika katika idhaa za kimataifa kwa miaka mingi na kuheshimiwa.

Hata hivyo kazi zipo kwa anayejua kuzitafuta. Serikali za kaunti zina ofisi za mawasiliano, mashirika ya misaada yanahitaji watu wanaoweza kuzungumza na jamii, na stesheni za Kisomali, kuanzia Iftiin FM ya KBC, shirika la utangazaji la taifa, hadi redio ya jamii ya Wajir, zinahitaji damu mpya. Wenye moyo wanaweza kuanzisha vipindi vyao mtandaoni na kuwafikia jamaa walioko Minneapolis, London na Dubai. Umeme wa kuendeshea studio nao una habari njema: nje kidogo ya mji kuna mtambo wa jua wa megawati zipatazo 55, uliozinduliwa Desemba 2019.

Mambo manne

Ili shahada hii iwe na thamani, yapo mambo manne ya kufanywa. La kwanza, wanafunzi wafunzwe kwa kutangaza. Chuo Kikuu cha Maseno kina Equator FM, na Masinde Muliro kina MMUST FM. Wasikilizaji halisi ndio humkomaza mwanafunzi. Garissa inastahili masafa yake, studio yake na mlingoti wa kufika mbali, na Mamlaka ya Mawasiliano, serikali ya kaunti na wizara ya elimu zishirikiane kulifanikisha hilo.

La pili, lugha zifundishwe kwa uzito. Kisomali cha habari na Kiswahili cha habari viwe masomo yenye mitihani, visiachwe kuwa kipaji cha mtu. Mhitimu asiyeweza kueleza bajeti ya kaunti kwa lugha ya nyanyake hajahitimu.

La tatu, chuo kiwe hazina ya kumbukumbu za sauti. Wazee waliokumbwa na Shifta, Wagalla na mauaji ya Bulla Karatasi ya 1980 mjini Garissa wanaondoka mmoja mmoja. Kila mwanafunzi akirekodi mahojiano na mzee mmoja kwa ustadi, kwa idhini yake, na kuyahifadhi maktabani, katika miaka kumi eneo hili litakuwa na ushahidi ambao halikuwahi kuwa nao.

La nne, mlango ufunguliwe kwa vijana wa Dadaab. Vyuo vya Moi na Kenyatta vimeshawahi kuwafundisha wakimbizi pamoja na vyuo vya Canada, kwa hiyo njia inajulikana. Vijana hao tayari wana uzoefu wa redio na video. Wanachokosa ni cheti na nafasi.

Ewe mzazi wa Garissa, Wajir au Mandera, mwanao akikwambia anataka kusomea utangazaji, usimwambie achague kazi ya maana. Muulize kama yuko tayari kusema kweli hata inapomhusu mtu wa ukoo wenu. Akikubali, mlipie karo na umwombee dua. Nanyi viongozi mnaolalamika kila mwaka kwamba Nairobi inawapaka tope, acheni kulalamika mtenge fedha. Stesheni moja ya chuo, ikiendeshwa kwa haki na kwa weledi, italifaa eneo hili kuliko mikutano mia ya kukanusha habari mbaya.